Kusafiri Nje ukiwa na Kiingereza tu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya hurudiwa na wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa, na wajumbe wa makanisa wanaotoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kwenda nchi ambako Kiingereza ndicho tegemeo lao. Yanaanza na maandalizi ya nyumbani, yanafuata mipaka ya karibu, kisha nchi za mbali, na mwisho ni matatizo. Jibu likihitaji lingine, namba ya swali imetajwa.

## Kabla ya kuondoka

1. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kitatosha?

Inategemea unakwenda wapi. Zambia, Malawi, Afrika Kusini, Dubai na hospitali kubwa za India, kitatosha. China, Uturuki, Kongo, Msumbiji na Italia kitakufikisha uwanja wa ndege na mapokezi ya hoteli. Sokoni, kwenye basi na duka la dawa utahitaji njia nyingine.

Kabla hujaenda, hakikisha unaweza kufanya mambo manne kwa Kiingereza bila kusita: kutaja jina lako herufi kwa herufi, kueleza sababu ya safari kwa sentensi mbili, kuuliza bei, na kusema hujaelewa. Hilo la nne ndilo watu wengi hulikwepa kwa aibu, wakaitikia jambo wasilolijua. Jizoeze kusema "Please write it down", yaani omba uandikiwe. Kiingereza cha Mhindi, Mchina au Mskoti kinaweza kukupita sikioni, lakini kikiandikwa utakisoma.

2. Kuna nchi ambako Kiswahili kinanifaa kuliko Kiingereza?

Zipo. Lubumbashi na mashariki yote ya Kongo, Burundi, na pwani ya kaskazini ya Msumbiji, anza na Kiswahili. Muscat nako kuna Waomani wengi wanaokizungumza nyumbani kwao. Usimwanze mtu wa Lubumbashi kwa Kiingereza, maana wengi hawakijui kabisa. Maelezo ya Kongo yako swali la 13.

3. Niandike nini kwenye karatasi?

Ukurasa mmoja unatosha, nakala tatu: moja mfukoni, moja kwenye begi la mkononi, moja kwenye begi kubwa. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, namba ya simu ya mwenyeji wako, simu ya ubalozi au konseli yetu iliyo karibu, kundi la damu kama unalijua, na dawa unazotumia (swali la 20).

Kilicho muhimu zaidi ni anwani ya mahali utakapolala usiku wa kwanza, iliyoandikwa kwa lugha na herufi za huko. Dereva wa teksi wa Guangzhou, China, hasomi herufi zetu, na ukimtamkia jina la hoteli kwa lafudhi ya Kinyakyusa au Kihehe hatajua unasema nini. Usiitafsiri anwani hiyo kwa simu, kwa sababu programu hutafsiri hata jina la mtaa na kukupa mtaa usiokuwepo. Waombe hoteli wenyewe wakutumie kwa barua pepe, kisha uichapishe kwa herufi kubwa. Ukifika, chukua kadi ya hoteli mapokezi na utembee nayo kila siku.

Karatasi hii ni kwa ajili ya saa ambayo simu imezima, na saa hiyo mara nyingi huja usiku wa kuwasili, baada ya safari ndefu bila kuchaji. Soketi za Zambia, Malawi na Dubai zinaingiza plagi zetu za pini tatu bapa. Ulaya na Uturuki wana matundu mawili ya mviringo, Afrika Kusini matatu makubwa ya mviringo, na China pini bapa za umbo jingine. Nunua adapta kabla hujaondoka.

4. Simu niiandae vipi?

Pakua programu ya tafsiri pamoja na lugha ya unakokwenda, Kiswahili na Kiingereza, ili ifanye kazi bila intaneti. Fanya hivyo nyumbani kwenye waifai na uijaribu simu ikiwa haina mtandao. Watu wengi hupakua programu yenyewe, wakasahau kupakua lugha ndani yake, na hugundua hilo wakiwa wamesimama mbele ya ofisa. Pakua pia ramani ya mji unaokwenda, na upige picha ya skrini ya tiketi, viza na anwani.

Wanaokwenda China wasiache hili hata kidogo. Google na WhatsApp zimefungwa kule, kwa hiyo huwezi kusubiri ufike ndipo upakue. Weka WeChat ukiwa bado nyumbani na uunganishwe na mwenyeji wako, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwa ujumbe, malipo na biashara.

Pesa zilizo kwenye simu yako hazitakulipia nauli Istanbul. Ongea na benki yako ifungue kadi kwa matumizi ya nje, na ubebe dola taslimu kidogo za akiba.

5. Programu ya tafsiri inatoa maneno ya ajabu. Nakosea wapi?

Kwa kawaida kosa liko kwenye sentensi uliyoiingiza. Mashine haijui "bei ya kutupa" wala "naomba unifikirie". Andika sentensi fupi, kila moja na jambo moja, na utaje mtenda. Badala ya "Naomba unipunguzie kidogo bosi wangu nimetoka mbali", andika: "Bei hii ni kubwa. Nitalipa 40. Ninataka vipande 100." Namba ziandike kwa tarakimu.

Kabla hujamwonyesha mtu, geuza tafsiri irudi kwenye Kiswahili au Kiingereza usome imekuwa nini. Ikirudi na maana nyingine, badilisha maneno. Ukiandika kwa Kiingereza rahisi kwenda Kichina au Kituruki, mara nyingi utapata matokeo safi kuliko ukianzia Kiswahili. Kamera ya programu ni nzuri kwa menyu na vibao, lakini usiiamini kwa maelekezo ya dawa wala kwa mkataba.

## Kiingereza chetu kinapotuponza

6. Kwa nini maofisa wananielewa kinyume ninapojibu "Yes"?

Kwa sababu ya maswali ya kukanusha. Kwetu ukiulizwa "Hujala?", unajibu "Ndiyo, sijala". Unakubaliana na aliyeuliza. Mzungumzaji wa Kiingereza hafanyi hivyo. Ofisa wa forodha akiuliza "You don't have any food in your bag?" nawe ukajibu "Yes", anaelewa kwamba chakula kipo, na begi litafunguliwa. Kwenye usaili wa viza hatari ni kubwa zaidi. Ukiulizwa "You have never been refused a visa?" ukajibu "Yes" ukimaanisha hujawahi kunyimwa, unaweza kuandikwa umewahi.

Dawa yake ni kuacha kujibu kwa neno moja. Sema sentensi nzima: "I have no food." "I have never been refused." Jizoeze na mtu nyumbani, akuulize maswali ya kukanusha haraka haraka hadi ulimi uzoee.

7. Ofisa ameniambia maelezo yangu kuhusu mume wangu yanapingana, na mimi nimesema kweli.

Huenda ulichanganya "he" na "she". Kwetu "amefika" ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ulimi unateleza hata kwa wasomi, hasa ukiwa na wasiwasi. Ofisa anasikia mume akiitwa "she" na kuanza kuwaza kwamba ndoa ni ya kubuni. Tumia jina lake au "my husband" kila mara, hata kama unajirudia.

Ukoo nao una mtego wake. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako hasa, lakini ukimwita "my brother" halafu vyeti vikaonyesha wazazi tofauti, utaonekana mwongo. Kwa ofisa, ndugu wa kuzaliwa ni yule mliyechangia baba au mama. Sema "my cousin", au eleza moja kwa moja kwamba baba yake na baba yako ni ndugu. Mama mkubwa ni "my aunt", si mama. Kueleza hivyo hakumshushi mama mkubwa heshima. Fomu za wageni hazina nafasi yake.

8. Nimekosa basi kwa saa sita. Imekuwaje?

Saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, za Kiingereza tangu usiku wa manane na adhuhuri. Ukimwambia mwenyeji "eight o'clock" ukiwaza saa nane mchana, atakuja saa mbili. Usitafsiri namba ya saa kichwani. Iandike kwa mtindo wa tarakimu nne: 14:00.

Zambia, Malawi na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Basi la Lusaka linaloondoka 06:00 saa za huko linaondoka wakati Mbeya ni saa moja asubuhi. Simu ikiwa mpakani hurukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili na saa yake hubadilika yenyewe, kwa hiyo mwulize kondakta anatumia saa ya upande gani.

Kwa ndege, angalia usiku wa manane. Tiketi ya 00:45 tarehe 15 maana yake unafika uwanjani jioni ya tarehe 14. Kuna watu hufika jioni ya tarehe 15, ndege ikiwa imeondoka siku nzima iliyopita.

9. Tarehe na namba zinaandikwa vile vile kila mahali?

Hapana. Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 5/8 ni Mei 8. Ujerumani, Italia na Uturuki hutumia nukta pale tunapoweka mkato: 1.500 ni elfu moja na mia tano, na 1,50 ni moja na nusu. Andika mwezi kwa herufi. India bei kubwa hutajwa kwa laki, ambayo ni laki yetu ile ile ya 100,000, na krori, ambayo ni 10,000,000.

## Mipaka ya karibu

10. Tunduma nivuke vipi bila usumbufu?

Lugha si tatizo pale. Nakonde wengi wanajua Kiswahili, Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili, na maofisa wa Zambia hutumia Kiingereza. Shida iko kwenye fedha na kwenye watu wanaojitolea kukusaidia. Hakikisha pasipoti imegongwa muhuri wa kutoka na wa kuingia wewe mwenyewe ukiwepo, usimpe kijana akupelekee. Bila muhuri, kizuizi cha polisi cha kwanza kitakurudisha au kitakugharimu.

Wanaobadilisha fedha barabarani hupiga hesabu kwenye kikokotoo chao na kukuonyesha jibu. Tumia chako. Uliza bei ya kubadilisha, zidisha mwenyewe, pokea za kwao kwanza, zihesabu noti moja moja, ndipo utoe zako. Akizirudisha mkononi mwake "kuhakiki", hesabu upya tangu mwanzo, kwa sababu ndipo noti hupungua. Kataa noti za kwacha za zamani zenye sifuri nyingi: Zambia ilitoa sifuri tatu mwaka 2013, na hizo hazinunui kitu.

Ukishaingia ndani, salamu hufungua milango kuliko sarufi. "Mulishani" ni salamu na "natotela" ni asante kwa Kibemba; Lusaka ni "muli bwanji" na "zikomo". Zambia, kama kwetu, hauanzi na shida yako kabla ya salamu.

11. Kwacha ya Malawi inatumika Zambia?

Haitumiki. Jina ni moja, fedha ni mbili, na ya Zambia ina thamani kubwa zaidi mara nyingi. Anayepita Tunduma akarudi kupitia Kasumulu, mpaka wetu na Malawi, atenge kila moja kwenye bahasha yake.

12. Naenda Karonga kupitia Kyela. Nitahitaji Kiingereza?

Kwa maofisa, ndiyo. Mitaani, mwenye Kinyakyusa ana bahati, maana Kingonde cha Karonga ni ndugu yake wa karibu. Salamu ya "mugonile" kwa mkubwa na "ndaga", yaani asante, vitapokelewa vizuri. Ukiendelea kusini utakutana na Kitumbuka, ambako asante ni "yewo", halafu Kichewa.

Lugha za Kibantu zina mitego kwa wafanyabiashara wa viazi. Malawi "mbatata" ni kiazi kitamu. Viazi mviringo vya Uyole, Makete au Njombe huitwa "mbatatesi", na kwa Kiingereza cha huko "Irish potatoes". Ukiagizwa "mbatata" kwa simu, uliza ni vipi hasa kabla hujapakia, na ukubaliane kwa kilo. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, haina tafsiri.

13. Lubumbashi nitumie lugha gani?

Kiswahili, na Kifaransa kidogo cha bei. Kiswahili chao kina maneno yake, kwa mfano ugali ni "bukari", lakini mtaelewana. Utakapopotea ni bei ikitajwa, kwa kuwa namba husemwa sana kwa Kifaransa. Jifunze kuhesabu hadi mia kabla hujaondoka, na ujue kwamba Kongo husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, tofauti na Kifaransa cha Ufaransa kinachofundishwa kwenye programu nyingi.

Dola hutumika pamoja na faranga. Noti ya dola iliyochanika hata milimita chache pembeni, au iliyochakaa, itakataliwa, kwa hiyo chagua noti safi benki Mbeya. Beba cheti cha homa ya manjano: chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, na tangu 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Karatasi za maofisa ni za Kifaransa, kwa hiyo omba usomewe kabla ya kutia saini (swali la 22). Tuna konseli kuu Lubumbashi.

## Nchi za mbali

14. Guangzhou nitaishije bila Kichina?

Treni za chini ya ardhi ndizo rafiki mkubwa wa mgeni. Vituo vina majina kwa herufi za Kilatini, mashine za tiketi zina Kiingereza, na matangazo pia. Mabasi hayako hivyo. Eneo la Xiaobei lina wafanyabiashara wengi Waafrika, na utasikia Kiswahili.

Ukilala hotelini, wao huandikisha taarifa zako polisi. Ukilala kwa rafiki, ni lazima ukajiandikishe kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24. Wengi hawajui hili, na faini huwapata wakati wa kutoka.

Malipo ni kwa simu karibu kila mahali. Programu ya malipo ya Alipay inakubali kadi za Visa na Mastercard za nje ukiiunganisha na pasipoti, na fanya hivyo mapema.

Kwenye tiketi na kibandiko cha begi, Guangzhou ni CAN. Usishtuke ukidhani mzigo umepelekwa Kanada. Kinyume chake, ukikuta pale herufi ambazo si za mwisho wa safari yako, mwambie mhudumu wa kaunta kabla begi halijaondoka kwenye mkanda.

15. Sokoni China bei inaeleweka vipi?

Muuzaji ataandika kwenye kikokotoo, nawe utaandika yako. Ni utaratibu wa kawaida. Kabla ya kupunguziana, uliza bei ni ya idadi gani, kwa sababu ya vipande 10 na ya vipande 500 hazifanani, na wengine hawauzi chini ya kiwango fulani.

Vidole vinadanganya. Mchina huonyesha 6 hadi 10 kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha shahada vikiwa vimenyooka, kwetu tungesoma mbili, kwake ni nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Usikubali bei ya vidole, omba iandikwe.

Matunda na mboga hupimwa kwa "jin", ambayo ni nusu kilo. Anayedhani amenunua kilo anabeba nusu.

16. Mkalimani nimtafute wapi, na mkataba uwe wa lugha gani?

Mlipe wewe. Mkalimani aliyeletwa na kiwanda anamtumikia aliyemleta. Wanafunzi Waafrika wanaosoma China wengi hufanya kazi hii, na hujua lugha zote mbili za biashara. Kubaliana malipo ya siku, saa za kazi, nani analipa nauli na chakula, na umwambie waziwazi hatapokea chochote kwa muuzaji.

Mkataba uwe na safu mbili, Kichina na Kiingereza, na useme lugha ipi inashinda zikitofautiana. Mpe mkalimani mwingine, asiyehusika, asome safu ya Kichina. Kampuni ya Kichina hujifunga kwa muhuri wake mwekundu, kwa hiyo saini peke yake usiihesabu. Jina la kampuni kwenye muhuri, kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi. Wakikuomba ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, simama hapo hapo. Pesa za namna hiyo ni ngumu sana kurudi, na tungetamani kila anayetoka Mwanjelwa na mtaji wa mkopo alisome jambo hili mara mbili.

17. Istanbul na Dubai je?

Dubai Kiingereza kinatosha. Istanbul, eneo la Laleli linalouza nguo za jumla limezoea zaidi Kirusi kuliko Kiingereza, ingawa maduka mengi yana kijana mmoja anayejua kidogo. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili yameingia pia Kituruki: "saat" ni saa, "dakika" ni dakika, "hesap" ni hesabu ya kulipa hotelini. "Tamam" ni sawa. Mturuki akiinua kichwa juu na kupiga ulimi, amekataa.

18. Kwa matibabu India nitahitaji mkalimani?

Madaktari hutumia Kiingereza. Wauguzi wa wodini, wasafishaji na madereva wa bajaji huenda wasikijue. Mhindi akitikisa kichwa kushoto na kulia kwa ulaini, kwa kawaida anakubali au anaonyesha anakusikia; usidhani amekataa. Fomu ya ridhaa ya upasuaji isomwe na mtu anayeelewa kabla ya siku ya upasuaji, na mgonjwa asiyejua Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani. Omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa kwa Kiingereza kabla ya kuondoka, daktari wa nyumbani atauhitaji.

19. Tunakwenda Ujerumani na Italia kwa ugeni wa kanisa. Tuangalie nini?

Vijana wengi wa Ujerumani wanajua Kiingereza vizuri. Wazee wa upande wa mashariki, kama Herrnhut wanakokwenda Wamoravian wetu, walisoma Kirusi shuleni, kwa hiyo msishangae mzee akinyamaza.

Mlango wa choo umewaaibisha watu wazima. "Herren" ni wanaume na "Damen" ni wanawake, lakini anayesoma kwa macho ya Kiingereza huona "her" kwenye mmoja na "men" kwenye mwingine, akaingia kinyume. H ni wanaume, D ni wanawake. Italia D nayo ni wanawake, wanaume ni U.

Italia, bomba lenye C ni la moto. Anayedhani C ni baridi kama kwa Kiingereza huungua, na kwa mzee au mtoto anayeoga ni hatari ya kweli. Gusa kwanza kwa ncha ya kidole.

Tiketi ya treni au basi la mjini inaweza kuhitaji kugongwa kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Kuwa nayo haitoshi. Ujerumani faini ni yuro 60, na kusema "sikujua" hakusaidii. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunueni chakula Jumamosi. Mjerumani akiwaambia "half three" anaweza kumaanisha 2:30, kwa kuwa kwa lugha yake hiyo ni nusu ya kuelekea saa ya tatu. Ombeni aandike.

## Mambo yakiharibika

20. Nikiugua, nitaelezaje?

Onyesha mahali panapouma kwa mkono, andika tangu lini kwa tarehe, na joto la mwili kwa namba. Dawa zako zitaje kwa jina la kitaalamu lililo kwenye boksi, kama metformin au amlodipine, maana jina la kibiashara hubadilika kila nchi. Parasetamoli Marekani huitwa acetaminophen. Beba dawa kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari. Falme za Kiarabu hudhibiti vikali tramadol na dawa zenye codeine, usiziingize bila kibali.

Ukipata homa Ulaya au China, hata wiki kadhaa baada ya kuondoka, mwambie daktari umetoka nchi yenye malaria na uombe upimwe. Neno "malaria" linaeleweka karibu kila mahali, lakini daktari asiyeiona mara kwa mara anaweza kuwaza mafua tu. Ukitoka Kyela au Usangu usikubali kurudishwa na vidonge vya mafua bila kipimo.

21. Namba gani za dharura?

Nchi za Umoja wa Ulaya, Uturuki na India ni 112. China polisi ni 110 na gari la wagonjwa 120. Falme za Kiarabu polisi 999, gari la wagonjwa 998. Taja mahali ulipo kwanza, ndipo tatizo, ili simu ikikatika wajue pa kuja.

22. Polisi wananitaka nitie saini karatasi nisiyoielewa.

Usitie. Sema kwa utulivu kwamba hujui lugha hiyo na unaomba mkalimani na ubalozi wako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unampa aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba konseli ya nchi yake ijulishwe. Usipandishe sauti wala kumgusa ofisa. Ikiwa ni lazima utie saini ili upewe vitu vyako, andika juu ya saini kwa Kiswahili kwamba hukuelewa maandishi, na tarehe.

23. Pasipoti imepotea.

Toa taarifa polisi, chukua nakala iliyogongwa muhuri, nenda ubalozini na picha na karatasi uliyobeba yenye namba ya pasipoti (swali la 3). Utapewa hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

24. Mama yangu hajui Kiingereza kabisa, na anakuja kwangu peke yake.

Inawezekana, na akina mama wengi wa Tukuyu na Mafinga wamefika salama. Wakati wa kukata tiketi, omba shirika la ndege limpokee na kumwongoza kuanzia Dar es Salaam hadi mlango wa mwisho, pamoja na mahali anapobadilisha ndege. Kama miguu inamsumbua, omba kiti cha magurudumu. Huduma hiyo haitozwi, na anayemsukuma humpitisha uhamiaji. Piga simu saa 48 kabla kuhakikisha ombi linaonekana kwenye tiketi, kwa sababu ombi la mdomo hupotea.

Chagua safari ya kubadilisha ndege mara moja tu, na muda wa kusubiri usipungue saa tatu. Mtengenezee kadi ya kuvaa shingoni yenye sentensi za Kiingereza: jina lake, kwamba anazungumza Kiswahili tu, anakwenda wapi, na namba yako ya simu. Upande wa nyuma weka majibu ya maswali ya uhamiaji: anakaa siku ngapi, kwa nani, anwani, na tarehe ya kurudi. Ofisa akisoma hayo mara nyingi haulizi zaidi.

Mfundishe kwa picha mambo matatu: mkanda wa mabegi, alama ya choo, na begi lake lenyewe lililofungwa kitambaa cha rangi kali. Kisha mwambie asitoke kwenye kiti alichowekwa hadi mtu mwenye sare aje na karatasi yenye jina lake, hata kama anamwona Mtanzania mwingine anayemwambia twende.